Somo la 14: Mkanda wa Feni

Katika nchi za baridi gari huwa na feni ndogo ya kupuliza hewa ya moto ndani. Sisi wa Tanga joto tunalo la kutosha. Feni tunayoitegemea ni ile ya mbele ya injini, inayopoza maji ya rejeta.

Katika magari mengi ya zamani, kama Land Rover, feni hiyo huzungushwa na mkanda wa mpira. Mafundi huuita fenibelti. Mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na dainamo inayochaji betri. Ukikatika, vyote vitatu vinasimama.

Tuseme mnapanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Gari limejaa watu na mizigo. Taa nyekundu ya chaji inawaka. Mshale wa joto unapanda. Simameni hapo hapo! Msiseme, "Tufike Soni kwanza." Maji yasipozunguka, injini huungua.

Zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyofungiwa humo yana joto kuliko maji ya sufuria inayochemka, nayo yataruka usoni. Ngoja nusu saa au zaidi. Wala usiimwagie injini maji baridi, maana chuma cha moto hupasuka.

Injini ikipoa, dereva atoe ufunguo na kuutia mfukoni, mtu asije akawasha wakati mikono imo ndani. Legeza nati za dainamo kwa spana. Isukume dainamo kuelekea injini. Toa mkanda uliokatika. Pitisha mpya juu ya mapanga ya feni, kisha uulaze katika mifereji ya puli zote. Vuta dainamo nje kwa kipande cha mti, kaza nati. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: ushuke karibu sentimeta moja. Ukilegea utateleza na kulia. Ukikazwa mno utaharibu beringi za pampu. Mkanda mpya hulegea kidogo, basi upime tena baada ya safari.

Watu wengine hufunga kamba ya katani. Katani yetu ni imara kwa kufunga mbuzi. Kwenye puli huteleza na kuungua upesi.

Ukienda dukani, chukua mkanda wa zamani. Mgongoni umeandikwa herufi na namba. Zisome mwenyewe, uzilinganishe na za mkanda mpya kabla ya kulipa. Mkanda mrefu kupita kiasi haukaziki.

Magari mengi madogo ya siku hizi yana feni ya umeme. Hiyo huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Usiiguse kabla ya kutoa waya wa betri.

Mazoezi
1. Mkanda ukikatika, vitu gani vitatu vinasimama?
2. Kwa nini dereva atie ufunguo mfukoni?
3. Tafuta mkanda wa gari kijijini. Andika herufi na namba zake.