Kona ya Yaya: Kabla ya Kutafuta Mwenza, Kijue Kilicho Chako



Washonaji wengi wa Kipushi mnaniuliza swali moja: "Yaya, kazi naijua, lakini wenye pesa wanapita mlangoni kwangu, wanakwenda Lubumbashi kununua nguo zilizoandikwa Dior au Gucci. Nami jina langu litakua lini?" Na wengine mnauliza kama si heri kushona hizo alama juu ya nguo zenu.

Hizo alama ziacheni. Sheria inakataza, na hasara nyingine ni kubwa zaidi. Nguo yenye jina la Gucci, hata ukiishona vizuri namna gani, inamtangaza Gucci. Mwenye kuivaa akisifiwa kanisani au harusini, hatakutaja wewe. Utakuwa umetumia macho yako na usiku wako kumjengea nyumba mtu asiyekujua.

Jifunzeni kwa hao wakubwa jambo jingine: wanavyotafuta wenza. Wao wana pesa, maduka na wateja, lakini upya hauishi kwenye sanduku la pesa, kwa hiyo wanautafuta kwa watu. Alama ya Louis Vuitton ilibuniwa mwaka 1896. Mwaka 2003 nyumba hiyo ya mitindo ilimpa mchoraji wa Kijapani, Takashi Murakami, aichore upya kwa rangi 33. Mikoba yenye alama hiyo mpya iliuzwa kwa zaidi ya miaka 10. Watu walikuwa na mikoba ya Louis Vuitton tangu zamani. Safari hii walilipia jicho la Murakami.

Mfano wa karibu nasi ni wa tarehe 29 Aprili 2019, Dior ilipoonyesha mavazi yake Marrakech, Moroko. Mbunifu wake wa wakati huo, Maria Grazia Chiuri, alitaka vikwembe vya wax, akashirikiana na Uniwax, kiwanda cha Abidjan. Michoro ya Dior yenyewe ikachorwa upya na kuchapwa kwa ufundi wa wax. Ninyi mnaoshika vikwembe kila siku mnaijua ile mishipa myembamba ya rangi inayokatiza ua: nta hupakwa pande zote mbili za pamba, inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, na kila kipande kinatoka na sura yake. Ufundi huo Dior haikuwa nao. Siku hiyohiyo lilionyeshwa shati la heshima kwa Nelson Mandela, kazi ya Pathé'O, mshonaji mzaliwa wa Burkina Faso mwenye karakana yake Abidjan, ambaye mashati yake Mandela mwenyewe aliyavaa. Pathé'O hakuitwa kwa huruma. Aliitwa kwa sababu alikuwa amekwisha kujenga jina ambalo hata Dior ilinufaika kulitaja.

Tena mama zetu sokoni walijua siri hii mapema. Vlisco, kiwanda cha Uholanzi kilichoanzishwa mwaka 1846, kiliiga batiki za Java. Vitambaa vilitoka kiwandani na namba. Wafanyabiashara wanawake wa Lomé, wale walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari yao, ndio waliovipa majina, na jina ndilo lililouza. Mchoro wa plagi 6 za gari ukawa "Six Bougies", sifa ya mwanamke mwenye uwezo wa gari la silinda 6. Nao hawakutoa akili yao bure: walipata haki ya kuuza michoro fulani wao peke yao. Shikeni hilo la haki, nitalirudia.

Ubunifu usiolindwa huchukuliwa. Mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya msimu wa joto wa 2012 yalijaa miraba myekundu na ya buluu iliyotokana na shuka za Wamasai. Chapa ikasifiwa dunia nzima. Wamasai wa Kenya na Tanzania wameanzisha mpango wao wa kudai malipo kwa wanaotumia jina na alama zao, na kazi hiyo ni ngumu sana mtu anapoianza baada ya wengine kuzoea kuchukua.

Sasa turudi nyumbani. Wengi mnadhani mji wa mgodi hauna la kuwaambia watu wa mitindo. Mtazameni Anifa Mvuemba, mzaliwa wa Nairobi, binti wa wazazi Wakongo, aliyekulia Marekani. Mei 2020, korona ilipofunga kila ukumbi, alionyesha mavazi ya chapa yake, Hanifa, kupitia Instagram: magauni yakitembea yenyewe bila mwili wa mtu, yaliyotengenezwa kwa kompyuta. Mkusanyo ule aliuita Pink Label Congo, na kabla ya nguo aliweka filamu fupi juu ya machimbo ya koltani ya nchi yetu. Dunia ilimwona kwa jambo la kwetu. Sisi tunaishi juu ya zinki na shaba. Mgodi wa Kipushi ulirudi kuzalisha mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 30 ya kimya. Lubumbashi kuna mafundi wanaogonga mabamba ya shaba kwa nyundo na wanaochonga malakiti, lile jiwe la kijani. Nani kati yenu amekwisha kukaa nao?

Anzeni na kitu kidogo: vifungo. Mshonaji ana libaya zuri, mchongaji ana jiwe. Ukimwendea, atakufundisha usilolijua: malakiti ni laini, hukwaruzika upesi, na sabuni kali au ndimu huliharibu. Shaba nayo ikilowa jasho huacha doa la kijani kwenye kitambaa. Basi mtakaa pamoja mbuni kifungo kinachotoka, mteja akitoe kabla ya kufua. Hapo ndipo penye ushirikiano wa kweli: kila mmoja amelazimika kufikiri zaidi ya alivyozoea, na kimezaliwa kitu ambacho hakuna duka la Lubumbashi linaloweza kukiagiza nje. Shoneni nguo chache, kwa hesabu inayojulikana, zikiisha ziwe zimeisha. Mkipata mpiga picha mzuri, naye awe mwenza, si mtu wa kuombwa bure.

Kisha andikeni, hata kama mwenza wako ni ndugu yako wa damu. Karatasi moja inatosha: nani ananunua kitambaa, nani anapanga bei, pesa inagawanywa vipi, zisizouzwa ni za nani, na mchoro ni wa nani mkiachana. Majina yote mawili yawe kwenye lebo. Mnajua jinsi mama anavyokunjua kikwembe sokoni na kutafuta kwanza maandishi ya Vlisco ukingoni kabla ya kuuliza bei. Nataka siku moja atafute hivyohivyo jina lako ndani ya kola.

Na mwenza mkubwa akija, awe mwanamuziki, duka la mjini au kampuni, usitetemeke ukasema ndiyo kwa kila kitu. Mwulize: "Umeona nini kwangu?" Akitaja kitu ambacho ni chako peke yako, mkae mpatane. Akitaja bei nafuu tu, anatafuta kibarua, na kibarua ni kazi ya halali, lakini kiite kwa jina lake na udai ujira wako.

Juma hili, kila mmoja aandike jambo moja ambalo mkono wake unalifanya na wa jirani hauwezi. Usipolipata, usitafute mwenza bado. Rudi kwenye cherehani ulitafute. Ukilipata, niandikie, nami nitakusaidia kufikiri umpelekee nani kwanza.

Yaya wenu.