Andaa Usiku wa Nyota Mtaani Kwako

Huhitaji darubini kubwa ili kuanza. Unahitaji tarehe nzuri.

Chagua Jumamosi iliyo karibu na tarehe saba au nane ya mwezi mwandamo. Siku hiyo mwezi ni nusu, na jua likizama tayari upo juu. Watu wakitoka Isha, mnaanza. Mwezi mpevu uache: mwanga unaupiga usoni, vivuli hakuna, na mashimo yake hayajitokezi.

Angalia na msimu. Dodoma, Juni hadi Septemba anga ni safi. Nairobi Julai ni mawingu matupu, afadhali Januari au Februari.

Azima binokula kwa mtu anayeongoza watalii. Ya 10x50 inatosha kabisa. Egemeza viwiko ukutani ili isitikisike, uielekeze Mshtarii ikiwa imechomoza. Utaona vinukta vilivyojipanga mstari pembeni yake: hiyo ni miezi ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Pete za Zohali zinataka darubini yenyewe. Ukienda kununua, usibabaishwe na boksi lililoandikwa "mara 500". Uliza upana wa lenzi au kioo, kisha tikisa stendi. Ikiyumba, iache dukani.

Omba majirani wazime taa za nje. Tochi ifunge kwa nailoni nyekundu. Simu mfukoni, maana macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mmoja mweupe unawarudisha mwanzo.

Sasa foleni. Hapa ndipo shughuli nyingi huharibikia. Mtu akichungulia atasema "naona" kwa adabu tu, kumbe anaona giza. Mwulize: "Pale mwanga unapokutana na kivuli, pamenyooka au pana meno?" Akijibu meno, ameona milima na kingo za mashimo. Asipojibu, lenga upya. Dunia inazunguka, kwa hiyo mwezi hutoka kwenye lenzi ndani ya dakika chache. Kagua kila baada ya watu wawili watatu. Watoto wape kigoda, na watangulie. Wazee wape kiti.

Kabla hamjatawanyika, tangaza tarehe ya mwezi ujao. Waambie pia kuhusu Agosti 2, 2027: jua litapatwa, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki italiona limemegwa. Agizeni mapema miwani yenye alama ya ISO 12312-2. Siku hiyo binokula zibaki ndani. Kulitazama jua kwa binokula kunapofusha.