Uvimbe Haufichwi kwa Mtandio

Mdogo wangu, najua una kinundu mahali. Labda kiko nyuma ya sikio, labda kwapani, au ni doa jeusi la unyayoni ambalo unajiaminisha ulizaliwa nalo, ingawa mama yako halikumbuki. Kila ukioga unalipapasa, ukimaliza unajifunga kanga na kulisahau mpaka kesho. Ukiulizwa mbona siku hizi mtandio hauachani na shingo, unasingizia upepo wa bahari. Bagamoyo nzima tunapigwa na upepo huo, mbona wewe tu unayejibana?

Haya, sikugombezi kwa kuogopa. Nani asiyeogopa? Saratani ikitajwa barazani, hata wenye midomo hunyamaza. Ninachokugombezea ni kukaa na jambo peke yako miezi na miezi, huku ukiuliza watu kwa kuzungukazunguka: "Eti shoga, kuna rafiki yangu ana kitu hapa..." Rafiki yako nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na waliosema hivyo walikwishazika watu.

Kwanza pumua. Vinundu vingi vya ngozi wala si saratani. Kile laini, kinachoteleza chini ya kidole ukikibonyeza, mara nyingi ni mafuta yaliyojikusanya. Kile chenye kitundu cheusi katikati, kikiminywa kinatoa uji mweupe wenye harufu, ni kifuko kilichojijenga chini ya ngozi. Na wewe acha kukiminya, maana ndivyo kinavyotunga usaha. Chunjua nazo ni chunjua tu. Na wale waliotoboa masikio kwa ajili ya harusi, wakaota kinyama kigumu kinachowasha nyuma ya hereni: hilo ni kovu lililopitiliza, keloidi, nalo si saratani. Ila usikimbilie mtu wa kulikata tu. Likikatwa bila matibabu mengine hurudi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Daktari wa ngozi ataanza kwa sindano za kulinywesha taratibu.

Umeona? Pengine umekosa usingizi kwa ajili ya mafuta. Lakini sikusema vyote ni mafuta. Nimesema vingi. Chako ni kipi, mimi sijui, wewe hujui, na shangazi yako anayekuchemshia mizizi hajui pia.

Tuje kwenye matezi, maana hapo ndipo mnapochanganyikiwa zaidi. Mtoki wa kinena ukiwa na kidonda mguuni, au tezi za shingo ukiwa na jino bovu, ni mwili unapambana; kidonda kikipona, nazo hunywea. Zikikaa zaidi ya wiki mbili tatu bila sababu, zikazidi kukua au kuongezeka, zikashikana, hapo usingoje. Ukitoka jasho usiku na nguo zikaanza kukupwaya, usingoje hata kidogo. Huku kwetu inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kinakaa shingoni bila hata kikohozi. Watu wanachanjwa wembe kwa ugonjwa ambao dawa zake zinatolewa bure na tiba yake kwa kawaida ni miezi sita! Inaweza pia kuwa saratani ya tezi zenyewe, na hiyo nayo ina dawa zake. Wembe hauijui tofauti.

Uvimbe wa mbele ya koo unaopanda na kushuka ukimeza mate, huo ni wa tezi ya koo, goita. Msijidanganye kwamba sisi wa pwani haitupati kwa kuwa tunakula chumvi ya bahari. Chumvi ya bahari yenyewe ina madini joto kidogo sana mpaka yaongezwe, kwa hiyo tazama paketi kabla hujanunua. Goita nyingi si saratani, lakini hupimwa: damu, altrasaundi, na pengine sindano. Ikikua haraka, au sauti yako ikakwaruza na isirudi, usisubiri Idi ipite.

Halafu kuna uvimbe wa shavuni, chini au mbele ya sikio, kwenye tezi ya mate. Huu una hila. Hauumi, unakua polepole, mtu anakaa nao miaka kumi akiuita mtoto wake. Mara nyingi ni wa amani, lakini ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka. Katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu unaoongoza uso, ule unaokufanya utabasamu na kufumba jicho. Ndiyo maana kazi hiyo si ya kila mwenye kisu. Ni ya daktari bingwa anayejua kuupita mshipa ule. Na ukiona uso umeanza kupinda upande wenye uvimbe, ondoka leo.

Sasa nikutie hofu kidogo, hofu ya kukufaa. Sisi wenye ngozi nyeusi tumezoea kusema saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Ni kweli rangi yetu inatukinga sana na jua. Lakini ile mbaya kuliko zote, melanoma, ikitupata sisi hupenda mahali pasipo na rangi nyingi: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye picha yake imejaa kwenye fulana na vibanda vya ufukweni kwetu, alipata doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alidhani ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 ilibainika ni melanoma. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali. Akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki akiwa na miaka 36. Hatujui kidole kingemwongezea miaka mingapi. Ila najua wangapi hapa mjini wana doa unyayoni wakisema, "Nilikanyaga kombe."

Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwetu, usitapetape. Ila ukucha mmoja tu ukiwa na mstari unaopanuka, weusi ukamwagikia ngozi ya pembeni, au doa la unyayo likabadilika umbo, likachimbika, likatoa damu, nenda. Mdogo wangu wa kiume unayevuta nyavu pekupeku, na wewe unayekwenda kulima mwani Mlingotini, jioni mkinawa miguu ipindueni muitazame.

Kidonda ndugu nacho. Kile cha mguuni kilichoanza ukiwa darasa la tano, au kovu la kuungua na maji ya moto linalofunga na kufumuka miaka nenda rudi. Kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka saratani. Kikianza kuota nyama kama koliflawa pembeni, kutoa damu ovyo au kunuka kuliko desturi yake, usikibadilishie tu kitambaa.

Na mguu uliovimba. Hapa pwani tukiona mguu mkubwa tunasema matende, basi, tumemaliza. Upo ugonjwa mwingine unaovimbisha mguu, saratani ya Kaposi. Huja na madoa ya zambarau au meusi na vinundu miguuni, pengine hata kwenye kaakaa la mdomo. Ulikuwapo Afrika Mashariki kabla ya Ukimwi, lakini sasa wengi wanaoupata wana virusi vya Ukimwi. Najua hapo ndipo unapoganda. Hutaki kupimwa mguu kwa kuogopa utapimwa na damu. Pima vyote, mdogo wangu. Dawa za kufubaza virusi peke yake zinaweza kuyafanya madoa ya mwanzo yanywee, na zikihitaji kusaidiwa, zipo dawa za saratani za kutundikiwa. Aibu haijawahi kumtibu mtu.

Mama mwenye mtoto mwenye ualbino, wewe nakushika mkono kabisa. Mwaka 1985 Dk. Jeff Luande na wenzake wa Dar es Salaam walishaandika jinsi jua linavyoharibu ngozi hizi tangu utotoni, na saratani kufuata katika ujana. Kofia pana ya ukindu, mikono mirefu, kucheza kivulini, na mafuta ya kukinga jua yapakwe kila siku, hata mawingu yakiwepo. Yako ya Kilisun, yanayotengenezwa hapahapa nchini, Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza kliniki na chama chao. Kikwaru kisichotoka usoni au sikioni kikiwahiwa, hugandishwa kwa baridi kali, mtoto akarudi nyumbani siku ileile. Kikiachwa, kinakula sikio. Na nyie mnaolipia mkorogo ili ngozi ipoteze kinga ambayo huyu mtoto angeitamani, siku nyingine nitakuja na fimbo.

Sasa tuseme lile linalowazuia hasa. "Dada, uvimbe ukiguswa na chuma unatapakaa." Nimelisikia tangu ninajua kusikia. Ngoja nikueleze lilikotoka. Mtu anakaa na uvimbe miaka mitatu. Anamaliza waganga. Siku hawezi tena kulala ndipo anapelekwa hospitali, ugonjwa umeshashika mapafu. Anakatwa kinyama cha kupima, mwezi wa pili anazikwa. Msibani watu wanasema: kisu kimemuua. Ni sawa na kumlaumu mpiga mbiu kwa msiba alioutangaza. Kinachotapanya ni muda, na wembe wa uchochoroni, na dawa ya kuunguza iliyopakwa juu ya kitu kisichojulikana. Singa na uzi wa kufungia chunjua, weka mbali.

Hospitali watakuangalia, watapapasa, kisha watataka kipimo. Kwa tezi mara nyingi huanza na sindano nyembamba ya kuvuta chembechembe. Kwa ngozi, wanatia ganzi na kukata kinyama kidogo. Unahisi mchomo wa ganzi, basi. Kinyama kinawekwa kwenye kichupa cha dawa na kwenda maabara ya patholojia, huko kinasomwa kwa darubini. Bila hicho, daktari naye anakisia, ila anakisia kwa kujua zaidi yako.

Matibabu yanafuata majibu. Saratani ya ngozi iliyowahiwa mara nyingi humalizwa kwa kisu: inakatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuizunguka. Nyingine zinahitaji mionzi au dawa za mishipa. Hapo ndipo utasikia Ocean Road, na moyo utashuka, kwa kuwa mtaani wanasema ukienda huko hurudi. Jumba lile Wajerumani walilijenga mwaka 1897, na tangu 1996 ndiyo taasisi ya saratani ya taifa. Wanaokufa pale wengi walifika wamechelewa. Na wewe ukichelewa kwa kuogopa hadithi zao, utakuwa hadithi ya mwingine.

Njia yenyewe haijafichika. Anza zahanati au Hospitali ya Wilaya hapahapa Bagamoyo, uombe rufaa. Kutoka hapo kuna Tumbi Kibaha, kuna Muhimbili. Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, ulikwenda Kariakoo kununua sare za harusi wala hukulalamika nauli. Pesa ikiwa kikwazo, usigeuke mlangoni: uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kazi yao mojawapo ni kusikiliza wasio na uwezo. Na usiende peke yako. Chukua mtu mwenye kichwa kilichotulia, maana ukishasikia neno zito masikio yako yataziba.

Nikuachie masharti yangu mawili, na haya sibembelezi. La kwanza: kitu chochote kikikatwa mwilini mwako, kiwe kidogo vipi, uliza kwa sauti, "Daktari, hiki kinapelekwa kupimwa?" Vimetupwa vinundu vingi vikidhaniwa mafuta, mwaka unaofuata mtu anarudi na makubwa na hakuna anayejua cha kwanza kilikuwa nini. La pili: fuata majibu yako. Wengi hukatwa kinyama, kidonda kikapona, wakajiona wamepona na wao. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Uliza tarehe, andika, rudi. Wakikuambia bado, rudi tena. Ukishapewa ile karatasi ipige picha, yenyewe itunze pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu daktari wa kesho ataanzia hapo.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, mdogo wangu. Jumatatu zahanati inafunguliwa asubuhi. Ukifika wakakuambia ni mafuta, njoo unicheke, nitapokea.