SOMO LA WAFUGAJI: DAWA NA WAKAZI WA UTUMBO

Nilipokagua duka la chama kimoja cha wafugaji niliona daftarini kwamba unga wa antibiotiki uliuzwa kila mwezi kwa watu wale wale, pasipo cheti cha Bwana Mifugo. Nilipouliza, nikajibiwa, "Twawapa ndama wazima ili wasiugue." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Utumbo wa mnyama mzima umejaa bakteria wa aina nyingi, na walio wengi humlinda. Mwaka 1954, Marjorie Bohnhoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, waliwanywesha panya wadogo dawa ya streptomisini, kisha wakawapa salmonela wa aina isiyodhuriwa na dawa hiyo. Kwa panya wasiopewa dawa, walihitajika salmonela wapatao 100,000 ndipo nusu yao waambukizwe. Kwa waliopewa dawa, hawakuhitajika hata 10! Nilizisoma tarakimu hizo mara mbili, nikidhani ni kosa la mpiga chapa.

Sababu ilielezwa na watafiti hao mwaka 1964. Bakteria wa kawaida, hasa wale waishio pasipo hewa, hutengeneza asidi ziitwazo butiriki na asetiki, ambazo huwazuia salmonela wasizaliane. Streptomisini iliwapunguza watengenezaji hao, na asidi zikapungua pamoja nao. Dawa haikuwaua wote sawasawa: iliwaondoa walinzi, ikamwacha mwizi.

Kila dawa ina uchaguzi wake. Penisilini, iliyookoa watu wengi mno, yaweza kumwua simbilisi wa maabara, kwa kuwa huwaangamiza bakteria wake wa kawaida na kuwapa nafasi wale watoao sumu.

Panya si ng'ombe, nakubali. Lakini ng'ombe aliyekwisha kuanza kucheua huwategemea bakteria wa tumbo lake la kwanza ili nyasi zimfae; antibiotiki akiinyweshwa ovyo, yaweza kuwavuruga hao pia. Ndama mgonjwa na atibiwe, tena amalize siku zote alizoandikiwa. Huyu mzima ndiye ninayemtetea.

Makatibu wa vyama wanaombwa waongeze safu moja katika daftari la mauzo ya dawa: jina la ugonjwa, na sahihi ya Bwana Mifugo aliyemwona mnyama. Nitaitazama safu hiyo katika ukaguzi ujao.