Harufu Inayolinda Mahindi

Huenda unaishi mjini lakini una shamba la mahindi kwenu Kitale au Bungoma. Msimu ukifika unatuma pesa za dawa ya funza wa mabua. Anayeitia shambani mara nyingi ni mama au kijana, tena kwa mikono mitupu. Baadhi ya dawa hizo humletea mtu jasho na mate mengi, mboni za macho zikawa ndogo, pumzi ikamshinda.

Ipo njia nyingine, nayo ilipatikana kwa kupima harufu ya majani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, KARI na Rothamsted ya Uingereza walitaka kujua nondo anayezaa funza hao hutambuaje mmea gizani. Mmea hufunikwa kwa mfuko safi, hewa iliyochujwa kwa makaa ikapitishwa humo, na harufu ikanaswa katika kijibomba chenye chembechembe za kuinyonya. Kisha huoshwa kwa kimiminiko na kuingizwa katika mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani yake mna bomba refu, jembamba sana, na kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Sehemu moja hupimwa kwa mashine. Sehemu nyingine (hapa ndipo ninapostaajabu) hupulizwa kwenye kipapasio cha nondo kilichoungwa kwa nyaya. Kikiinusa, umeme hafifu huonekana. Kiasi huhesabiwa kwa nanogramu, yaani gramu moja igawanywe mara bilioni.

Ikaonekana kwamba nyasi za molasi hutoa kemikali ambayo mahindi hutoa yakishatafunwa. Nondo huziepuka, na nyigu mdogo anayeua funza huvutiwa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997. Nepia nayo, saa ya kwanza ya giza, huongeza harufu yake kama mara mia, wakati nondo anatafuta pa kutaga. Akitaga huko, funza wengi hufa kwa utomvu unaonata.

Hiyo ndiyo vuta-sukuma: nepia pembeni, desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Wakulima wa Trans Nzoia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu. Wa Bungoma huipenda pia kwa sababu desmodiamu hukandamiza striga. Ng'ombe hula mimea yote miwili. Tena gunzi lililotobolewa na funza ni mlango wa kuvu zenye sumu.

Anayetumia dawa bado avae glavu na gamba la kufunika mwili. Ikimmwagikia, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, umkimbize hospitalini pamoja na chupa ya dawa yenyewe.