Mtume Paulo Afanya Paska Ugenini

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 20, mistari 1 hadi 6. Tusome kwanza sura ya 16.



Wengi wetu hutumwa kufundisha mbali na kwetu, katika vijiji ambamo dini ni changa bado. Sikukuu kubwa ikaribiapo, moyo hurudi nyumbani: kwa mama, kwa ndugu, kwenye kanisa la misioni lenye kengele na waimbaji wengi. Je, mwalimu aende kwao, au abaki na wachanga wake? Tumwangalie Mtume Paulo.

Yapata mwaka 57 au 58, Paulo alikuwa Ugriki, akitaka kupanda merikebu kwenda Siria. Adui zake wakafanya shauri la kumdhuru. Basi akarudi kwa njia ya Makedonia. Wenzake walitangulia kumngoja Troa, ng'ambo ya bahari. Yeye alikaa Filipi mpaka siku za mikate isiyotiwa chachu, yaani siku za Paska, zilipokwisha. Ndipo akasafiri.

Filipi ulikuwa mji wa Kiroma, ambamo askari wazee walikuwa wamepewa mashamba. Wayahudi walikuwa wachache. Paulo alipofika huko mara ya kwanza, kama mwaka 49 au 50, alitoka nje ya lango siku ya Sabato akakuta wanawake wakisali kando ya mto. Mmoja wao ni Lidia, mwuza nguo za zambarau, mzaliwa wa Thiatira. Mgeni naye pia! Akabatizwa pamoja na watu wa nyumba yake, akamshurutisha Paulo akae kwake. Baadaye Paulo na Sila walipigwa fimbo wakatiwa gerezani, na usiku ule ule mlinzi wa gereza akawaosha majeraha, akabatizwa, akawaandalia meza. Hao ndio ndugu ambao Paulo alikaa nao siku za Paska: hakuna hata mmoja wa ukoo wake, na ukristu wao haujatimiza miaka kumi.

Tena tuhesabu siku. Paulo alitaka sana kufika Yeruzalemu kwa Pentekoste, akichukua msaada kwa maskini wa huko. Kutoka Paska hata Pentekoste ni siku 50. Saba zilikwisha Filipi, tano baharini, saba Troa. Zilibaki kama 30 tu kwa safari ndefu. Kwa ajili ya haraka hiyo hakuingia Efezo, mji alimokaa karibu miaka mitatu. Wengine husema Luka ametaja sikukuu ili kuhesabu siku tu. Haya, lakini siku hizo Paulo alizikaa Filipi, wala hakuzikaa njiani.

Alifanya Paska gani pamoja na watu wasio Wayahudi? Luka hasimulii, ila twajua mafundisho ya Paulo mwenyewe. Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto (5, 7-8), alifundisha kwamba Kristu ndiye Mwana-kondoo wetu wa Paska, na chachu ya kuondoa ni uovu wa moyo. Basi Mfilipi asiyepata kuiona Yeruzalemu aweza kuifanya sikukuu hiyo nyumbani mwake.

Nami niungame kosa langu. Mwaka wa kwanza wa kazi nilikuwa katika kijiji kilicho mwendo wa siku mbili kutoka misioni. Noeli ilipokaribia nilifunga mzigo. Mzee mmoja mkatekumeni, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kunianikia samaki, aliniuliza: «Mwalimu, wafuata kuzaliwa kwa Yezu huko kwenu, je, huku kwetu hazaliwi?» Nilicheka, nikaenda. Niliporudi nikaambiwa kwamba asubuhi ya Noeli walikusanyika wote na nguo safi, wakakaa kimya mpaka jua la utosi, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuanzisha sala. Kisha kila mtu akarudi nyumbani kwake.

Jambo moja zaidi. Katika sura ya 16 Luka aandika «sisi» mpaka Filipi, halafu neno hilo lakoma. Larudi katika sura ya 20, penye Filipi tena. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba Luka aliachwa huko miaka ile yote. Ikiwa ndivyo, Paulo hakuwaacha wale wachanga bila mtu.

Maswali. Ni nani waliompokea Paulo nyumbani mwao huko Filipi? Kwa nini hakuingia Efezo? Na swali la mwalimu mwenyewe: katika kijiji chako, ni nani awezaye kuanzisha sala ya sikukuu siku usipokuwapo, nawe umekwisha kumfundisha sala zipi?