Usingizi na Usalama Barabarani katika Mbio za Baiskeli za Masafa Marefu

Alfajiri ya tarehe 31 Machi 2017, Mwingereza Mike Hall aligongwa na gari na kufariki dunia karibu na Canberra, nchini Australia. Alikuwa katika mashindano ya baiskeli kutoka Fremantle hadi Sydney, umbali wa takriban kilomita 5,500. Mashindano yalisitishwa. Hall hakuwa mgeni wa barabara: ndiye aliyeanzisha mbio za Transcontinental za Ulaya mwaka 2013. Kifo chake kinakumbusha kwamba uzoefu pekee hautoshi kumlinda mwendesha baiskeli.

Mbio hizi hutofautiana na Tour de France, ambayo hufungiwa barabara na washiriki wake hulala kila usiku. Hapa barabara hubaki wazi kwa magari yote, na saa haisimami tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo anayelala huhesabu kwamba anapitwa, naye hushawishika kuunyima mwili haki yake.

Madhara ya kukosa usingizi

Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa kutenda kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Baada ya saa 24, upungufu huo hukaribia ule wa asilimia 0.10. Ubongo uliochoka huweza pia kusinzia kwa sekunde chache bila mwenyewe kutambua. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sekunde nne za kusinzia ni mita 33 za kwenda bila kuona. Hatari huzidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa wakati huo mwili hudai usingizi na madereva nao wamechoka.

Uchovu hauishii kwenye ubongo. Misuli ya shingo huweza kulegea hata mwendeshaji ashindwe kuinua kichwa kutazama mbele. Neva ya kiganja ikibanwa kwa muda mrefu kwenye usukani, vidole hufa ganzi na kushika breki huwa kugumu.

Kinga

Mshiriki apange saa za kulala kabla ya safari, wala asingoje kuzidiwa. Awashe taa mbele na nyuma, avae kofia ngumu, na afunge viakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu na magoti. Mwendo wake wa kupanda na kushuka humwezesha dereva kutambua upesi kwamba mbele yake kuna mtu. Waandaaji wanaweza kulazimisha mapumziko na kuepusha njia zenye magari mengi.

Kwa wahudumu wa afya

Aliyeanguka asiruhusiwe kuendelea kabla ya kupimwa. Kutapika, kuchanganyikiwa na maumivu ya kichwa yanayozidi ni dalili za hatari. Zisidhaniwe kuwa uchovu tu. Shingo itulizwe, damu izuiwe, na majeruhi apelekwe hospitali mapema.

Somo hili linamhusu pia dereva wa lori na wa bodaboda anayefanya kazi usiku kucha. Usingizi hauna mbadala: kahawa huuahirisha, hailipi deni lake.